Maji ya Chausiku

Watu wengine wakikaribishwa nyumba mpya hutazama dari na mapazia. Bi Somoe wa Dunda hutazama sakafu ya bafu, na mara nyingi hutoka humo amekunja uso kama aliyeramba shubiri.

Ana sababu. Kazi yake ni kuosha maiti wa kike, kazi aliyoachiwa na mama mkwe wake, na zamani kazi hiyo ilikuwa na adabu zake. Sakafu ya udongo ilichimbwa ufuo, mfereji mfupi chini ya kitanda cha kamba, maji ya marehemu yakaingia ardhini ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha ukafukiwa. Hakuna mguu ulioyakanyaga, hakuna jicho lililoyaona. Zikaja sakafu za saruji, na hata hizo mafundi walizilaza zikiinamia kwenye tundu. Siku hizi watu wanaweka bafu katikati ya nyumba, mlango wake ukitazama makochi, na maji yanatuama humo kama yamepanga chumba.

Baya kuliko yote lilikuwa la Ridhiwani, mtoto wa shoga yake Chausiku. Ridhiwani anafanya kazi Dar. Aliibomoa nyumba ya baba yake, akajenga nyingine kwa kufuata picha aliyoiona kwenye simu: vigae vyeupe vipana kama masinia, vinavyotoka sebuleni mpaka bafuni bila kizingiti. Fundi wake, Twalib, aliuliza mara moja kuhusu mteremko wa bafu. Akaambiwa hayo ni mambo ya kizee. Hakuuliza tena. Alimwaga zege la nyumba nzima kwa siku moja na kwa usawa mmoja, akaweka pima maji, akajipongeza. Kifusi cha chini hakukishindilia vizuri, kwa hiyo haikupita muda upande wa mlango ukatitia. Tundu la maji likabaki juu kule ukutani kama pambo, na maji yakawa yanakwenda mlangoni.

Bi Somoe aliyajua hayo kwa pindo la kanga yake lililolowa. Alikwenda kumtazama Chausiku, aliyekuwa kitandani kwa maradhi ya moyo, akaingia bafuni kutawadha kwa ajili ya alasiri. Alikuta maji ya jana yamelala, yana utando wa sabuni, nywele, na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Alipotoka, Hafidha, mke wa Ridhiwani, aliingia na mpira wa kusukumia maji akaanza kuyaswaga kuelekea kwenye tundu kama mtu anayefukuza kuku. Yaliondoka, yakarudi. Chai aliyoandaliwa Bi Somoe ilipoa bila kuguswa.

Chausiku alimtazama usoni akacheka.

"Umeliona bafu langu."

"Nimeliona. Limenitapisha roho."

Chausiku akaacha kucheka. Akageuza shingo kuelekea sebuleni, ambako ndiko wangekuja kukaa wanaume siku ya msiba.

"Shoga, siku yangu ikifika, maji yangu yatakwenda wapi?"

Kwa watu wa mji huu, maji ya maiti kupita miguuni mwa watu ni aibu isiyosemeka, na Chausiku alikuwa mwanamke ambaye hata nguo zake za ndani hakuna aliyewahi kuziona zimeanikwa.

Jioni ile alimngoja Ridhiwani. Kumwambia mtu arekebishe bafu ni rahisi. Kumwambia arekebishe kwa ajili ya maiti ya mama yake ni jambo jingine. Bi Somoe alizunguka kwa maneno ya harufu na kuteleza, Ridhiwani akasema ataweka kizuizi cha aluminiamu mlangoni. Mwishowe akamwambia wazi. Kijana akasimama. Hafidha akadakia kuwa huo ni uchuro, mwosha maiti amekuja kumpima mtu angali anakunywa uji. Ridhiwani hakutukana. Alimwomba kwa adabu, adabu inayouma kuliko tusi, kwamba kwa sasa apunguze kuja.

Twalib akaitwa, akafanya wanachofanya mafundi wa leo: akapaka tuta la saruji mlangoni na kulivika kigae. Maji sasa yakajaa kwanza mpaka kwenye vifundo vya miguu, ndipo yakalivuka tuta yote kwa pamoja.

Siku ambayo Ridhiwani alialika wakubwa zake wa kazini waje kuiona nyumba, Chausiku alituma mtu kwa Bi Somoe: aje amwogeshe. Bi Somoe akapita mlango wa uani. Akamketisha mgonjwa juu ya kiti cha plastiki, akafunga mlango, akachota maji ya vuguvugu kwa kata.

"Ongeza," alisema Chausiku.

Akaongeza. Ndoo ikaisha, Chausiku akataka ya pili. Hapo Bi Somoe akaelewa.

"We Chausiku, una nini?"

"Mwaga tu, shoga."

Maji yakajaa, yakalivuka tuta, yakapita chini ya mlango na mapovu yake na shungi la mvi, yakateleza juu ya vigae vyeupe moja kwa moja mpaka kwenye zulia, ambako wageni walikuwa wameketi wamevua viatu, sahani za pilau mikononi. Kisha sauti ya mgonjwa ikatoka bafuni, ya upole kabisa:

"Wageni wangu, nyanyueni miguu, mama yenu anapita."

Ridhiwani alikuja akasimama nje ya mlango na ule mpira mkononi.

"Mama, mbona unaniaibisha?"

"Leo nimepita mzima, mwanangu, nimeweza kuwaomba radhi. Siku ile sitaweza."

Kesho yake Twalib alirudi na nyundo na tindo, na safari hii Ridhiwani alisimama juu ya kichwa chake. Chini ya vigae vile vya kujivunia kulikuwa na tope jeusi linalonuka, na funza wembamba wakijinyonganyonga ndani yake. Hafidha alikimbilia nje kutapika. Zege lilivunjwa lote, kifusi kikashindiliwa, bomba likateremshwa, likamwagwa zege jipya chini ya usawa wa ukumbi, limeinamia kwenye tundu kila upande, na juu yake niru tupu ya saruji, bila vigae. Lilipokauka, Bi Somoe alimwaga ndoo. Maji yakaenda. Twalib akatabasamu kama aliyebuni mteremko yeye. Bi Somoe hakumshukuru. Haoni kwa nini mtu ashukuriwe kwa kuzoa taka alizomwaga mwenyewe.

Chausiku alifariki mwezi wa Shaabani. Ndugu za Hafidha walitaka apelekwe hospitali, huko kuna mahali pa kuoshea, bafu lisije likatia watoto hofu. Ridhiwani hakubishana nao. Aliitoa mashine ya kufulia bafuni kwa mikono yake, akaingiza kitanda cha kuoshea, akamwachia Bi Somoe mlango. Bi Somoe alimwosha shoga yake taratibu, kwa sabuni na karafuu maiti. Maji yalishuka bila sauti. Sebuleni wanaume walikaa juu ya mikeka mikavu, wala hawakujua yalipita saa ngapi.

Siku ya arobaini Bi Somoe aliomba kutawadha. Hafidha alimwonyesha bafu la pili, la wageni, ambalo zege lake Twalib alilimwaga siku ile ya nyumba nzima, kwa usawa ule ule, na halijavunjwa. Humo ndimo wanamooga wote sasa, na ule mpira umeegemezwa ukutani, umelowa. La Chausiku wamelifunga, wanaliogopa. Bafu moja la haki katika nyumba nzima!

Alitazama yale maji yaliyotuama, akatoka. Akadai ufunguo wa lile la Chausiku, akapewa shingo upande. Ndani sakafu ilikuwa kavu, na buibui alikuwa ametanda juu ya tundu. Bi Somoe alimimina kata moja. Maji yakainama, yakaupata utando, yakaondoka nao. Akatawadha bila haraka, akafunga mlango, akaurudisha ufunguo.