Nilipofuta Sauti ya Mke wa Mtani Wangu

Nilikuwa na ugonjwa mmoja kazini, na bora niuseme mapema: nilipenda sifuri. Kila asubuhi nikifungua dashibodi ya tovuti, pembeni palikuwa na kiduara chekundu chenye namba, kunijulisha ni plagini ngapi, vile vijiprogramu vinavyoongezwa kwenye tovuti, zinataka kusasishwa. Chai haikupita kooni namba ile ikiwa bado ipo. Nitabofya, nitasasisha, na isiyonifurahisha nitaing'oa, mpaka kiduara kipotee. Pale ofisini mwenye nywila nilikuwa mimi peke yangu, na kwa hilo nilijiona mkubwa kuliko hata mwenyekiti.

Tovuti yenyewe ilikuwa ya kikundi chetu kidogo hapa Masasi. Tulikuwa tunarekodi masimulizi ya wazee, kuanzia Newala kule juu mpaka vijiji vya huku chini. Tukimaliza kumrekodi mtu, mimi naipandisha sauti yake kwenye tovuti, kisha naifuta ile kadi ya kinasa sauti ili imchukue mwingine. Kadi tulikuwa nayo moja tu. Sauti zilikaa ndani ya plagini ndogo, ambayo pia ndiyo iliyoweka kitufe cha kuzisikilizia.

Mmoja wa tuliowarekodi alikuwa mke wa mwalimu mstaafu wa Chiungutwa. Mama yule alizaliwa Newala, na alisimulia namna walivyokuwa wakishuka ule mteremko alfajiri kufuata maji, na kuupanda tena mtungi ukiwa kichwani. Katikati ya masimulizi mumewe akadakia kumsahihisha jina la chemchemi. Mama akamkata: "Mwalimu, nyamaza. Leo ni zamu yangu." Akacheka kidogo, akaendelea. Miezi michache baadaye akafariki. Kwao hapakuwa na sauti yake nyingine popote, maana simu ya mzee ilikuwa kitochi cha kupigia na kupokea tu.

Mzee huyo ni mtani wangu. Ukoo wake na wetu sisi wa kijiji cha Mnyambe zinataniana tangu hatujazaliwa, na utani wetu si wa maneno matamu. Siku ya mazishi ya mkewe nililala chini mbele ya jeneza nikadai marehemu kaondoka na kanga yangu, hapiti mtu. Wakanipa kanga, nikaachia njia. Mzee alicheka huku machozi yanamtoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na watu walisema niliifanya vizuri.

Baada ya arobaini akaanza kuja ofisini kila Jumatano kwa bodaboda, kumsikiliza mkewe. Sikumwamkia shikamoo, nilimuuliza kama bado hajamfuata tu. Naye alijibu kwamba ananisubiri mimi nitangulie. Kisha anakalia kiti changu, anavaa vile vipokea sauti vya masikioni, anafumba macho. Kile kipande cha yeye kunyamazishwa alitaka nikirudishe mara tatu, mara nne. Nilimchoka. Alinuka ugoro, alinichelewesha kazi, na kusema kweli furaha yake ilinikera, kwa sababu mimi nimeachika mara mbili na hakuna mwanaume ambaye angepanda bodaboda kuja kunisikiliza.

Jumatatu moja dashibodi ikanionya kwamba ile plagini ya sauti imezeeka, aliyeitengeneza kaitelekeza. Nikapata nyingine, nzuri zaidi, ina vitufe vya rangi. Nikaing'oa ya zamani. Ikaniuliza kama nataka kufuta na vyote vilivyomo. Swali lenyewe sikulisoma hadi mwisho, nilikuwa naitafuta sifuri yangu. Nikabofya ndiyo. Nilidhani sauti ziko kwenye maktaba ya tovuti pamoja na picha. Hazikuwa huko.

Nakala ya akiba haikuwepo pia. Plagini iliyokuwa inatunza nakala niliing'oa mwenyewe miezi miwili nyuma, eti inajaza nafasi. Kampuni inayohifadhi tovuti yetu ikanijibu kwa adabu zote kwamba kifurushi chetu hakina huduma hiyo. Sauti za wazee kumi na mmoja zilikuwa zimekwenda, na watatu kati yao walikuwa wameshazikwa. Mwenyekiti nilimwambia mtandao unasumbua. Akaamini, maana angeamini chochote nilichomwambia kuhusu kompyuta.

Jumatano mzee akaja, akaketi, akanyoosha mkono apewe vya masikioni. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli, na nikausema. Nilimwambia, "Mzee, nimemfuta mkeo. Hayupo tena."

Akanitazama. Kisha akaangua kicheko mpaka akakohoa, akajishika kifua. "Ulimzuia kwenye jeneza, sasa unamzuia na kwenye kompyuta," alisema. "Haya, safari hii unataka kanga ya rangi gani?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nilitakiwa nimshike mkono, nimwambie huu si utani. Nilicheka naye. Nikataja nyekundu.

Wiki iliyofuata akaileta, doti nzima, bado ina gundi ya dukani. Nikaipokea kwa mikono miwili. Akaniambia hatanisumbua tena kila wiki, kumbe mtani kapanga mchezo mrefu, basi na aucheze vizuri. Hitima ya mwaka ilikuwa imekaribia. Ndugu wa marehemu wangeshuka kutoka Newala, pamoja na dada yake ambaye hakuwahi kuisikia ile sauti. Akataka siku hiyo nimrudishe marehemu, na nije na spika ili wote wasikie.

Nilikuwa na wiki sita. Wiki sita ni nyingi kwa mtu anayetaka kusema jambo. Ningeweza kwenda Chiungutwa siku yoyote, nikamkuta peke yake shambani akipogoa mikorosho, nikamweleza taratibu. Niliogopa. Kila nikijiandaa, nilijiambia amefurahi huyu, muache afurahi. Huo ulikuwa uongo wangu mtamu kuliko wote, kwamba namhurumia.

Siku ya hitima nikajifunga ile kanga nyekundu, nikachukua kompyuta na spika, nikaenda. Mpaka leo sijui spika niliibebea nini. Dua ikasomwa, watu wakala, wakanawa. Mzee akasimama akaeleza kwamba mtani wake amemteka marehemu karibu miezi miwili, na leo atamtoa. Akawasha spika yeye mwenyewe. Kitaa cha buluu kikawaka.

Nikasimama. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Nilimfuta kwa mkono wangu. Siwezi kumrudisha. Nisameheni."

Wakacheka. Walicheka wanaume barazani, wakacheka wanawake kwenye mikeka. Dada wa marehemu ndiye aliyecheka kuliko wote. Akavua kanga yake ya juu, akaja akaiweka miguuni kwangu, akasema mtani huyu mkali, amenifaa. Mwanamke mwingine akaweka yake, na mwingine. Nikazidi kusema ni kweli, wallahi ni kweli, nikalia, na kila nilivyolia walizidi kucheka, kwa sababu mtani stadi hulia hivyo hivyo. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe, mbele ya jeneza.

Kanga zikafika saba. Ndipo mzee akainua mkono.

"Nyamazeni," alisema. "Sasa ni zamu yake."

Wakanyamaza wote. Mzee akavuta kigoda, akaketi karibu na spika, akafumba macho kama alivyozoea. Tulisikia mbuzi nyuma ya nyumba. Mtu akakohoa, akanyamazishwa. Mimi sikugusa kitu, hapakuwa na kitu cha kugusa. Nilisimama katikati ya kanga zao nikimtazama usoni, mpaka alipofumbua macho na kuelewa.