Taa za mchana na kitabu changu

Leo nimemgombeza fundi wangu mbele ya wateja wake, na kosa lilikuwa langu.

Taa za gari langu hujiwasha zenyewe giza likiingia. Leo zimejiwasha saa sita mchana. Kutoka Buzebazeba hadi Ujiji, kila bodaboda ananifumbia na kunifumbulia vidole: taa, mzee!

Sikuzizima. Nilitaka ushahidi, nikaenda nazo zikiwaka hadi gereji ya fundi.

"Salumu, juzi ulizitengeneza au uliziroga?"

"Shikamoo, mzee. Umeshamaliza?"

Akaondoa kitabu nilichokiacha juu ya dashibodi. Taa zikazimika.

"Kinachopima mwanga kiko hapa. Ulikifunika, gari likadhani ni usiku."

Gereji nzima ikacheka.

Mimi ndiye ninayewataka wakubwa, katika ukurasa huu, waombe radhi hadharani. Basi Salumu, nisamehe. Kazi yako ni safi.

Nanyi mnaocheka, dashibodi zenu zimebeba nini?