Noti ya Kuanzia

Pumba za mpunga zikiungua hutoa harufu inayokaa kooni, na mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, mazoezi yetu yote ya kwaya ya watoto pale Rujewa yalifanyika ndani ya harufu hiyo. Kanisa letu lilipakana na mashine ya kukoboa mpunga. Ulikuwa msimu wa mavuno, mashine ilinguruma kutwa nzima, na vumbi lake jepesi liliingia madirishani likatua kwenye mabenchi, kwenye nywele zetu, na kwenye ubao ambao Mwalimu Ezekia aliandika do-re-mi zake. Familia yetu ilikuwa imehamia huko bonde la Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga miaka michache kabla. Nyumbani tulisema Kisukuma, shuleni Kiswahili, na kwenye ubao ule nilikutana na lugha ya tatu ambayo hakuna aliyetaka kunieleza.

Mwalimu Ezekia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi cherehani sokoni, na sare zetu alizishona kwa mkono wake. Lakini kufundisha alijua njia moja tu. Alianza na sauti ya kwanza, mstari mmoja, tena na tena, huku sisi wa sauti ya pili tumekaa kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani, saa nzima bila kufungua mdomo. Tukinong'ona, tulichapwa. Zamu yetu ilipofika jua lilikuwa limeshaanza kushuka, naye amechoka, sauti imemkauka. "Imbeni kilichoandikwa!" alifoka, akigonga ubao kwa fimbo. Hatukujua kusoma kilichoandikwa. Tulimtazama midomo, na pale midomo yake isipotosha tulimfuata binamu yangu Kabula, aliyekaa kando yangu na ambaye akisikia wimbo mara moja alikuwa ameushika.

Kabula ndiye aliyegundua jambo la mashine. "Minza, sikiliza," aliniambia siku moja tukiwa bado kwenye lile benchi. "Ile mashine inaimba do yetu." Nilicheka, kisha nikasikiliza. Ilikuwa kweli. Mngurumo wake ulikuwa palepale siku zote, na mwalimu, aliyedhani anaitoa noti ya kuanzia kichwani mwake, alikuwa anaichukua kwa mashine ya ng'ambo ya ukuta bila kujua. Jumamosi moja umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, na mwalimu alipoanzisha wimbo upya aliupandisha mno. Wenzetu wa sauti ya kwanza walifika kwenye kibwagizo wakakwama, wakabaki wanapiga kelele. Akasema ni uvivu. Kabula akanyoosha mkono. "Mwalimu, ni kwa sababu mashine imezimika." Kanisa zima likaangua kicheko. "Wewe umekuja kuimba au kukoboa mpunga?" Mwalimu akamuuliza. "Kaa chini."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili twende Mbeya, kwenye tamasha la kwaya za watoto lililofanyika katika kanisa moja kubwa kule Ilomba. Kabula alinisumbua kila siku. "Mwambie wewe. Wewe hakuchukii." Nilijikaza hadi siku moja kabla ya safari, nikamfuata mwalimu kibandani kwake, alipokuwa anapiga pasi kola za sare. Nilimwamkia. "Mwalimu," nikasema, "huko Mbeya kutakuwa na mashine?" Alicheka mpaka akaweka pasi chini. "Mbeya kuna kila kitu, mwanangu. Utaona mpaka uchoke." Nilitakiwa kusema, siyo hivyo, mwalimu, nisikilize. Nilisema ahsante nikaondoka.

Mbeya ilitupokea kwa baridi iliyotukaza shingo. Tulipanda jukwaani na ukumbi ukatulia kabisa, na katika ule utulivu nikasikia kilichokosekana. Mwalimu alikohoa, akainua mikono, akatoa noti. Ilikuwa juu, juu sana. Hapo Kabula, bila kugeuza kichwa, akavumisha taratibu noti iliyo sahihi, kama mtu anayemwokotea mwenzake kitu kilichodondoka. Mwalimu alimsikia. Alimkazia macho, akaweka kidole mdomoni, akatoa tena noti yake ileile. Tukaimba. Ubeti wa pili wasichana wa mbele walianza kupasuka sauti. Kwenye kibwagizo wengine walishuka, wengine wakanyamaza, na watoto wa kwaya nyingine walizibana pua wakicheka. Nje, mbele ya wote, mwalimu alimwelekezea Kabula kidole. "Wewe ndiye uliyetuvuruga." Kabula alinitazama mimi. Nilijua ukweli wote tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikatazama viatu vyangu. Tuliporudi Rujewa Kabula aliirudisha sare ikiwa imefuliwa na kukunjwa, na kwenye kwaya hakukanyaga tena.

Sasa naishi Mlandege, Iringa, na ninafundisha kwaya ya watoto. Niliapa kwamba kwangu hakuna atakayekaa benchi. Wote hujifunza sauti zote kabla sijawagawa, kwa kusikia kwanza, ubao baadaye, na tukisha kuimba ninawauliza: mmesikia nini? Wapi pamechafuka? Vichwa thelathini huinama. Wanangoja niwaambie, kama walivyozoea darasani. Kamati inataka nyimbo tatu kabla ya sikukuu, wazazi wanauliza kwa nini nawahoji watoto badala ya kuwafundisha, na mimi nasimama pale nikisubiri jibu mpaka damu inachemka.

Mwezi uliopita jibu lilikuja. Tulikuwa tunaimba bila kinanda, wimbo ukawa unapanda kila ubeti, nami nikasimamisha kwa hasira kuuliza ni nani anayeuvuta. Neema, msichana mdogo wa mstari wa nyuma, akasema, "Mwalimu, ni wewe. Sisi tunakufuata tu." "Imba," nikamwambia, "acha maneno." Nilipofika nyumbani nikaisikiliza rekodi kwenye simu. Alikuwa sahihi. Kufikia ubeti wa tatu nilikuwa nimewapandisha noti nzima.

Zoezi lililofuata niliwaambia wote kwamba Neema alisema kweli na mimi nilikosea. Nikamwomba yeye atutolee noti ya kuanzia. Alitazama sakafu. "Sijui, mwalimu." Nikambembeleza. "Sijui." Alijua, na nilijua kwamba anajua. Kwa miaka mingi nimemlaumu Mwalimu Ezekia, na bado namlaumu. Lakini Kabula alijaribu mara mbili ndipo akakata tamaa. Neema mimi nilimmaliza kwa mara moja.