Zafarani, Farasi wa Baba Aliyelikimbia Jua

Mmewahi kuona mnyama anapigwa makofi na mtu ambaye hayupo?

Mimi nimeona. Mchana kweupe, Isevya, Tabora, mbele ya umati wa harusi.

Farasi wetu alikuwa amembeba bwana harusi, kijana mmoja anaitwa Lukumani. Kanzu imenyooka, kilemba kimekaa, matarumbeta yanalia nyuma. Mimi nimeshika kamba mbele, tunakwenda mdogo mdogo.

Ghafla farasi akarusha kichwa juu. Kama vile kuna mtu kamzaba kofi la pua kutokea chini.

Nikadhani nzi.

Akarusha tena. Akarusha tena. Halafu akaanza kuisugua pua kwenye mguu wake wa mbele huku anatembea, bwana harusi huko juu anayumba kama gunia lililofungwa vibaya.

Lukumani akaenda chini. Kanzu nyeupe, vumbi la Tabora, mnajua wenyewe.

Alhamdulillah, hakuumia sana. Ila kuanzia siku ile mjini kukawa na habari moja tu: farasi wa Mzee Salmini ana jini.

Naitwa Nihal. Mzee Salmini ndiye baba yangu mzazi.

Sisi ni wale Waarabu wa Tabora ambao Uarabuni kwenyewe tunakuona kwenye simu. Babu wa babu alikuja na misafara, kwa miguu, kutoka pwani. Akaoa Mnyamwezi, akafungua duka, habari ikaishia hapo. Baba alikuwa anasema ukoo mzima umetembea vya kutosha, yeye atapanda.

Basi shamba moja kule Arusha lilipofungwa, akanunua farasi jike, rangi kama biriani. Akamleta kwa lori. Akamwita Zafarani.

Watu walicheka. Tabora tuna punda, tuna ng'ombe. Farasi wa nini?

Mzee hakujali. Alinifundisha mimi kupanda kabla ya kaka yangu Azhar, maana Azhar alikuwa mwoga. Jioni tunatoka na Zafarani kwa zamu, njia ya Kwihara, ile ile waliyopita wapagazi wa zamani. Baba anaongea njia nzima. Anaongea mpaka unamwomba apumzike.

Halafu nikaolewa Dar. Ndoa ikafa, hilo nalo ni la siku nyingine. Mama alipofariki nikarudi kuzika, na sikuondoka tena.

Niliyemkuta nyumbani siyo baba niliyemwacha.

Haongei. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia kwa mkono. Anakula uji tu, tena wa vuguvugu. Upepo ukivuma kidogo anajifunika shuka usoni kama mwari. Ndevu kanyoa upande wa kushoto, upande wa kulia ziko vichaka.

Azhar akanisimulia. Kwamba mzee alianza kulalamika meno yanamuuma. Wakang'oa moja. Akalalamika. Wakang'oa jingine. Ikafika mahali mng'oa meno mwenyewe akasema haya yaliyobaki ni mazima, sing'oi tena.

Wakampeleka akasomewa. Shangazi akasema ni huzuni ya mke anayeumwa. Mwingine akasema uzee. Mwisho baba mwenyewe akaacha kulalamika, akanyamaza kimya.

Ukoo ukashusha pumzi. Mzee kapona, kabaki na huzuni tu.

Mahali pekee alipokuwa anakaa kwa raha ni kwenye banda la Zafarani, uani. Kuna giza, hakuna upepo. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yeye na farasi, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Na ndipo Zafarani naye akaanza.

Baada ya ile harusi, tulifanya yote mnayoyajua. Alisomewa. Alinyunyiziwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya. Mtu mmoja kutoka Cheyo akaja na ubani mwingi mpaka jirani akadhani tunaungua. Zafarani akapiga chafya tu, akaendelea kurusha kichwa.

Azhar akasema auzwe upesi, kabla habari hazijafika mbali.

Baba akatikisa kidole: hapana.

Nikamtafuta daktari wa mifugo, Daktari Octavian. Mtu wa Ziba huko Igunga, kakulia kwenye ng'ombe. Nilimpenda kwa sababu hakujifanya anajua. Alisema farasi kawasoma chuoni, na wachache tu kawashika kwa mikono, lakini atajaribu.

Akamkagua masikioni, labda kupe. Hakuna. Akamfungua mdomo. Meno mazuri. Macho hayana kitu. Akaniambia nibadilishe lijamu, kile chuma cha mdomoni, labda kinamchubua. Nikabadilisha. Nikamtoa nje bila chuma kabisa, bila tandiko, bila mtu mgongoni.

Akarusha kichwa vile vile.

Daktari akauliza ndani ya banda anakuwaje. Nikamwambia ndani ametulia, matatizo ni akitoka juani. Akapiga simu kwa daktari mwenzake wa Arusha anayetibu farasi. Waliongea sana.

Alipokata simu akaniambia upo ugonjwa wa namna hii. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoleta habari za uso kwenye ubongo. Mshipa ule ukiharibika tabia, mwanga tu unauchokoza. Upepo tu. Vumbi tu. Mnyama anahisi kama shoti ya umeme puani, na ukimpima huoni kidonda wala uvimbe. Sababu yake haijulikani vizuri.

Nikamuuliza dawa.

Akasema kuna mambo ya kujaribu. Hakusema dawa.

Tukajaribu. Nilishona kitambaa cha kumkinga macho. Nikakata chandarua, nikakitengeneza kama soksi ya pua, maana mwenzake wa Arusha alisema wengine hupata nafuu kitu kikiwagusa pua muda wote. Zafarani akawa kama bibi harusi wa kijini. Mtaa mzima ukatucheka.

Na jamani, akapata nafuu.

Sikuamini. Tulikuwa tunatoka naye alfajiri na jioni, jua likiwa halina makali. Alikwenda Kwihara na kurudi, kichwa kimetulia. Siku moja baba akatoka na sisi, anatembea kando, shuka usoni, mkono kwenye shingo ya farasi. Nilimwona anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikajiambia tumeshinda.

Kisha mvua zikakatika, kiangazi kikaingia. Jua la Tabora la kiangazi si la mchezo, na upepo wake umebeba mchanga.

Ikarudi. Ikarudi na hasira.

Sasa hata bandani alikuwa anarusha. Alisugua pua ukutani mpaka ikatoa damu. Nilipomfunga chandarua alikivua kwa kujigonga kwenye nguzo. Nikaziba madirisha kwa magunia. Ule mwanga mwembamba unaopita kwenye tundu la bati, ule tu, ulikuwa unamtosha kuruka.

Daktari Octavian akaniambia kwenye nchi zenye baridi farasi wengi hupumzika majira ambayo jua limepungua. Akaangalia juu. Huku kwetu, akasema, jua halina likizo.

Ndipo akashauri jambo la mwisho. Achome sindano ya ganzi kwenye mshipa ule. Haitamponya, ila ikimtuliza tutakuwa na hakika ugonjwa ni huo.

Alichoma. Tukasubiri, mimi, Azhar, na baba kwenye ndoo yake.

Polepole kichwa cha Zafarani kikashuka.

Akasimama. Akapumua pumzi ndefu. Nikamtoa uani, jua linawaka, akainama akala majani kama farasi mwingine yeyote duniani. Azhar akageukia ukutani, nikajua analia.

Haikudumu. Ganzi ilipoanza kwisha, akatingisha mara moja, kisha mara nyingi, nikamrudisha gizani.

Daktari alikuwa anafunga mkoba wake. Baba akasimama. Akamfuata. Mtu ambaye sikumsikia akisema sentensi nzima tangu nirudi.

"Daktari," akasema, anaongea kwa meno yaliyofungwa. "Ugonjwa huu huwapata na watu?"

Daktari akauweka mkoba chini.

"Mzee, wewe panakuuma wapi?"

Baba akanyanyua kidole, akakileta karibu na shavu la kulia. Hakuligusa.

"Hapa. Kama umeme. Nikiongea. Nikitafuna. Upepo ukinigusa. Wembe ukinigusa."

Kisha akaongeza: "Niliwaambia."

Nyie. Azhar alikaa chini kwenye mavi ya farasi na suruali yake nzuri.

Daktari Octavian alisema yeye ni wa wanyama, hawezi kumtibu mtu, lakini anajua watu wanaupata, na kwa watu kuna vidonge. Akatuelekeza tumwone daktari wa neva. Tukaenda. Yule akamsikiliza mzee dakika chache tu, akauita ugonjwa kwa jina, akaandika vidonge ambavyo huwa wanapewa watu wenye kifafa.

Wiki ile ile baba akala nyama.

Akanyoa ndevu zote. Akakaa kibarazani bila shuka, upepo unampiga, anacheka mwenyewe. Akaongea. Akamwongelea mama, mambo ambayo alikuwa hajamwambia mtu, jinsi alivyoshindwa hata kumwitikia vizuri siku zake za mwisho kwa sababu ya shavu. Tulikaa tunamsikiliza kama redio iliyopata betri.

Swali lake la kwanza kwa Daktari Octavian likawa: hizi dawa zangu, Zafarani je?

Tukajaribu hizo pia, kwa kipimo alichotoa mwenzake wa Arusha. Zafarani alilegea miguu, akawa anasinzia amesimama. Na katikati ya usingizi ule bado alikuwa anarusha kichwa. Tukaacha.

Hapo akatokea mnunuzi, mtu wa mbali, hajui kitu. Azhar akataka tumuuzie, tumkabidhi jioni akiwa ametulia. Alisema labda huko aendako hewa ni nyingine, labda atapona.

Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Mimi nimeishi humo alimo. Hakuna atakayejua anaumwa. Watampiga wakidhani ni utundu."

Akamwita Daktari Octavian mwenyewe.

Tulimpeleka Zafarani kwenye kiwanja chetu kando ya njia ya Kwihara, mawingu yametanda, maana baba alisubiri siku yenye mawingu. Alitaka aende bila kuumwa na jua. Akamshika shavu. Akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Daktari akachoma sindano, na farasi wa baba akapiga magoti, kisha akalala ubavu, kichwa kimetulia.

Tulimzika pale pale. Azhar alichimba pamoja na vibarua.

Wengi mngependa niishie hapa. Farasi kafa, lakini kamponya mzee. Hata mimi ningependa.

Vidonge vilimsaidia baba kwa muda. Halafu asubuhi moja akiwa anasukutua nikasikia kikombe kinaanguka.

Daktari wa neva akaongeza vidonge. Akaongeza tena. Baba akaanza kuyumba, anasahau majina yetu, damu ikipimwa inaonyesha dawa inamla. Ikabidi vipunguzwe, na kila vikipungua umeme unarudi. Tukapewa rufaa ya Dar. Huko wakasema upasuaji upo, watu hupona kabisa, ila kwa moyo wa mzee huyu, akilazwa kwa dawa ya usingizi anaweza asiamke. Wakatushauri turudi nyumbani.

Tukarudi.

Sasa hivi ninapoandika baba yuko chumbani, pazia limefungwa. Anakunywa uji kwa mrija. Kuna siku nzuri, anaongea maneno mawili matatu. Ni chache, na zinapungua.

Wageni wanakuja kumwona. Wanamtazama, mtu hana kidonda, hana homa, hajavimba, wanamwambia mzee mbona uko vizuri, jikaze. Azhar siku hizi ndiye anayewatoa nje, kwa adabu, lakini anawatoa.

Juzi alipokuja mmoja wa namna hiyo na kuondoka, baba akanikamata mkono. Nikainama karibu na mdomo wake ili asipate shida.

"Nihal mwanangu," akasema, "kuumwa nimekuzoea. Kilichonichosha ni kuapa kwamba naumwa."

Nilikaa naye pale gizani, nimemshika mkono wa kushoto, mpaka adhana ya alasiri.

Ndugu zangu, sina ushauri mkubwa. Dawa hatuna tena, dua tunaomba. Ninalowaachia ni hili tu: mtu akikwambia panamuuma, na wewe huoni kidonda, usimwapishe. Kaa naye.