Ekuteri Mbovu Upande wa Kushoto

Nilizirudisha ekuteri za kwanza kwa hasira. Nilimwambia mama mwenye duka kwamba upande wa kushoto umekufa, na kwamba mimi sikutoka Muyinga kuja Gitega kununua maiti. Ekuteri ndizo hedifoni. Huku Burundi tulilichukua jina la Kifaransa tukalinyoa kidogo. Nilikuwa nimekuja kuchukua mabati ya karakana ya baba yangu, nikapita sokoni kwenye kibanda cha simu na chaja. Yule mama alikulia Tanzania, kambini, akarudi na wazazi wake akiwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Hakupandisha sauti. "Kaka yangu," akasema, "nimezitoa kwenye boksi sasa hivi, ukiniona."

Mimi napenda hevi metali. Najua, najua. Mtoto wa Kiislamu, mtoto wa fundi bati, mtaa wa Waswahili wa Muyinga, ambako harusini tunapiga dufu na vijana wenzangu wanasikiliza nyimbo za mapenzi. Binamu yangu aliyesoma Bujumbura ndiye aliyeniachia flashi iliyojaa muziki huo: gitaa zinanguruma, ngoma zinakimbizana, mtu anaimba kama amebanwa kidole na mlango. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Mchana kutwa napiga bati na baba, na jioni kichwa kinakuwa kimejaa kelele zisizo na mpangilio. Muziki ule ulikuwa kelele zenye mpangilio, ukanituliza. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Baba aliuliza tu, "We mchana kutwa unapiga chuma, jioni tena unasikiliza chuma?"

Sasa, muziki huu hausikilizwi kwa ekuteri yoyote ile. Zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio zinageuza gitaa kuwa uji. Zile kubwa zenye maandishi ya kung'aa zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa besi: besi inameza kila kitu, unabaki na mtu anayehamisha kabati chumba cha pili. Nilitaka za kufunika sikio lote, za waya kwa sababu betri zinazeeka, zenye besi ya wastani, ili gitaa ya kulia na gitaa ya kushoto nizisikie zikijibizana. Huko kujibizana kulikuwa kumenipotea kwa miezi mingi. Niliamini ekuteri zangu za zamani zimechoka.

Mama akanifungulia za pili. Kushoto kimya. Akafungua nyingine. Kimya. Nikaanza kuhutubia juu ya bidhaa za siku hizi, hata wateja waliokuwa wanachagua chaja wakaacha kuchagua ili wanisikilize. Mama akazichukua, akazivaa mwenyewe juu ya kitambaa chake cha kichwa, akafumba macho.

"Zinalia pande zote," akasema. "Tena huyu mtu wako anavyopiga kelele, Mungu amsaidie." Akanirudishia. "Hebu geuza. Ya kushoto iweke kulia."

Nikageuza. Ule upande niliouita maiti ukanguruma ndani ya sikio langu la kulia, gitaa safi, kila uzi unasikika. Na ule uliokuwa mzima, nilipouweka kushoto, ukanyamaza.

Niliona aibu, halafu nikaogopa, halafu vyote viwili vikakaa pamoja. Nilimrudishia ekuteri zake nikamwomba radhi. Alijifanya anapanga chaja zake.

Nikiwa bado nimesimama pale, nikamkumbuka mzee mmoja wa msikitini kwetu, rafiki wa baba tangu ujana wao. Siku si nyingi kabla ya safari hiyo, alikuja karakanani wakati baba ametoka. Akasimama upande wangu wa kushoto, akatoa salamu. Sikujibu. Akatoa tena, sikujibu, akageuka akaenda zake. Asiyekulia kwetu anaweza kuliona jambo dogo. Kwetu kumwitikia mtu salamu ni wajibu, na mwenye kuinyamazia amekutangazia uadui mbele ya watu. Kufika alasiri mtaa mzima ulishajua kwamba muziki wa mashetani umenila adabu. Mzee mwenyewe alimwambia baba, "Sikio la kufa halisikii dawa," na baba akarudi nyumbani amefura.

Nilimwapia kwamba siku ile sikuwa nimevaa kitu chochote masikioni. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonifanya nionekane mwongo zaidi. Baba akasema sikio halipiti kichwa, na maadamu naishi chini ya paa lake, muziki ule umekwisha, nyumbani na kazini. Kwa hiyo pale Gitega nilikuwa nanunua kwa siri, kwa ukaidi, mtu mzima mwenye ndevu.

Dada yangu ameolewa Gitega. Nilipomsimulia hakucheka, na si kawaida yake. Asubuhi alivaa mtandio, akanishika mkono kama tulipokuwa wadogo, akanipeleka hospitali. Daktari alinichungulia masikio kwa kitochi, akanivalisha ekuteri zake, nzuri kuliko zote nilizojaribu sokoni, akaniambia niinue kidole kila nikisikia mlio. Kidole changu kililala muda mrefu sana. Dada alikuwa amekaa ananitazama, na nilipoona macho yake yamejaa machozi nikajua kwamba milio ilikuwa inapita na mimi siisikii.

"We unafanya kazi gani?" daktari akauliza.

Nikamweleza. Tunatengeneza mbabura, yale majiko ya mkaa, na masanduku ya watoto wa shule, na mifereji ya maji ya mvua. Fuawe yetu, tunapopigia bati, ni kipande cha ekseli ya lori kilichozikwa ardhini. Mwanafunzi anakaa kulia kwa fundi, anashika bati kwa mikono miwili, fundi anapiga. Ndivyo babu alivyomkalisha baba, ndivyo baba alivyonikalisha mimi tangu utotoni, na mpaka leo mimi ni mwanafunzi, kwa sababu kwetu mtu habadilishi upande wakati fundi wake yuko hai.

"Donc, kwa hiyo, nyundo ya baba iko kushoto kwako," daktari akasema.

Nikasema ndiyo. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

"Bon. Sikio ya kushoto haitarudi. Hiyo usiitafute tena. Ya kulia imeanza kuchoka, lakini ingali nzima. Kelele isiifikie. Ufunike masikio kwa kazi, ao uache kazi. Ukipoteza na hiyo, mi sina ingine ya kukupa." Akazikusanya ekuteri zake. "Na muzehe, yeye anasikia?"

Nilitaka kujibu kwamba baba anasikia vizuri sana. Kinywa kilishafunguka. Nikamkumbuka anavyoomba chumvi kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Anavyotazama midomo ya watu. Anavyocheka baada ya wengine kucheka. Nimekua nikiamini kwamba baba ana hasira na mimi. Kila aliponiagiza kitu nilihisi nimegombezwa, nikawa namkwepa, nikahamia kwenye muziki wangu. Kumbe nilikuwa namwogopa mtu ambaye hajisikii mwenyewe. Nililia pale mbele ya daktari, na sioni haya kulisema.

Nilirudi kwa yule mama wa sokoni. Safari hii sikuuliza habari za gitaa. Nilimwomba anipe zinazoziba kuliko zote. Akanitolea moja nzito, mbaya kwa sura, yenye mito minene. Akanionya kwamba wateja huzirudisha kwa sababu muziki wake ni butu. Nilizivaa bila kuzichomeka popote, na soko la Gitega likasogea mbali. Nikazinunua. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitazivaa kazini bila muziki, baba ataelewa, sikio langu la kulia litapona. Kuacha kazi sikukuwaza. Mikono ya baba imeshazeeka, na hana mwingine wa kumshikia bati. Hata hivyo, kwa mtu aliyetamani ekuteri za kutenganisha gitaa mbili, kuchagua zile za kutosikia kitu kulinisikitisha, na nilisikitika hadi Karuzi, na kutoka Karuzi hadi Muyinga, mabati yakigongana juu ya gari.

Kulipokucha nilizivaa mbele ya baba. Alikuwa ameshainua nyundo. Akaishusha juu ya goti.

"Toa hiyo."

"Baba, haina muziki. Iko ya kuziba masikio tu."

"Mtu atakuja hapa, atatoa salamu. We utamujibu na nini? Toa, nimesema."

Mafundi wa karakana za jirani wakaacha kupiga. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na yote yalihitaji kupigiwa kelele ili ayasikie, na yale si mambo ya kumpigia kelele baba yako mbele ya watu. Kwa hiyo nikazivua nikamvalisha yeye. Sikuwa nimewahi kumgusa baba kichwani. Nilimsogezea kofia yake, nikamfunika masikio kwa ile mito, nikamwonyesha kwa mikono: sikiliza, hakuna kitu.

Baba akasikiliza. Karakana zote zilikuwa zimenyamaza, jambo ambalo halitokei mchana. Aliinamisha kichwa, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Unanidanganya," akasema, kwa ile sauti yake ya mtaa mzima. "Iko kitu inalia humu. Nyembamba. Inalia tu, haiachi."

Niliokota ncha ya waya iliyokuwa imelala kwenye vumbi la chuma, nikamwekea kiganjani. Haikuwa imechomekwa popote. Akaitazama. Akaufuata waya kwa vidole kutoka kwenye ncha hadi sikioni mwake, kisha akarudi nao mpaka kwenye ncha. Amekuwa fundi maisha yake yote. Anajua kitu ambacho hakijaungwa na kitu. Akazivua. Bado alikuwa amekunja uso, ameinamisha kichwa vilevile, na nikajua kwamba bado inalia.

"Na we inakulia?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sidhani kama alijua kwamba ni ndogo.

Nikajigusa sikio la kushoto, nikapunga mkono kumwonyesha kwamba limekwisha. "Daktari wa Gitega amesema hivyo," nikamwambia kwa sauti kubwa, maana sasa hapakuwa na njia nyingine. "Ni kazi yetu hii, baba."

Alilitazama sikio langu la kushoto. Akautazama mkono wake wa kulia, ulioshika nyundo, karibu na lile sikio. Alitazama huku na huku mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Astaghfirullah," akasema. Sijawahi kumwona baba akilia, na siku ile pia hakulia, ila alitafuta mahali pa kuiweka nyundo kama mtu aliyepewa mtoto naye hajui kumbeba.

Kisha akaizungushia ekuteri waya wake, taratibu, akaiingiza kwenye mfuko wake wa plastiki, akaitundika kwenye msumari. Akanigeukia.

"Hizi utavaa kule nyumbani," akasema. "Sikiliza muziki yako. Mi sitasema tena, na mama yako pia hatasema. Hapa ni pa watu kusalimiana. Hapa mi ndiye nitatengeneza."

Akainuka akishika kiuno. Akachukua kigoda chake, ambacho kabla yake kilikaliwa na babu, na kabla ya babu sijui na nani, akaanza kuzunguka fuawe. Hakuna fundi wa ukoo wetu aliyewahi kumhama mwanafunzi wake. Mafundi wa jirani walielewa anachofanya kabla yangu. Mmoja wao akasimama kwa heshima, kama watu wanavyosimama jeneza likipita. Baba akakiweka kigoda kulia kwangu. Akakaa karibu, karibu kuliko siku zote, akahamishia nyundo mkono wa kushoto, akaijaribu uzito. Akanipiga bega mara kadhaa kunijulisha kwamba sasa niko salama.

Nilishika bati. Sikio langu la kulia, hilo moja lililobaki, lilikuwa jirani naye kiasi kwamba nilimsikia anavyovuta pumzi. Nikamwita, "Baba," kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mtu anamwitia baba yake. Hakusikia. Akainua nyundo.