Risasi Mia Mbili Nilizozifungua

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni la maji ya moto, kipande cha sabuni na gunia la maganda ya risasi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kwetu Kwihara asubuhi kwa baiskeli, na nilichojua ni kwamba kampuni moja ya uwindaji yenye karakana pale Isevya ilitaka mtu wa usafi. Nilidhani nitafagia. Fundi Mkuu, mzee Karim, ambaye babu yake alikuja kutoka Bara Hindi kuuza vitambaa mjini Tabora, aliitikia shikamoo yangu, akaniketisha kwenye kigoda, akaniambia nioshe kila ganda ndani na nje, kisha nilitazame juani kama lina ufa.

Hadi saa za kufunga nilikuwa nimetenga maganda saba pembeni. Aliyachukua moja moja na kuyageuza karibu na miwani yake. Sita yalikuwa na ufa kweli. La saba halikuwa nalo, lakini hakunicheka.

"Binti, ukiwa na shaka, tupa," alisema. "Na kesho usishike ufagio. Njoo hapa hapa."

Nitaeleza kazi yenyewe, maana vijana wengi hudhani risasi ni kitu kimoja. Ni vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kuna fataki, kile kikombe kidogo kitakoni kinacholipuka kinapogongwa. Kuna baruti, na mbele kabisa kuna risasi yenyewe, kipande cha madini kinachoruka. Bunduki ikishafyatuliwa, ganda hubaki, na likitunzwa vizuri hujazwa upya. Risasi za bunduki kubwa zilichelewa sana kutufikia kutoka nje, kwa hiyo kampuni ilikuwa na kibali maalumu cha kuzijaza, kimetundikwa ukutani ambapo kila aingiaye alikiona. Fundi Mkuu alitumia mashine ya mkono ya zamani iliyofanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ilibidi ung'oe fataki za maganda yote kwanza, kisha ubadilishe kalibu, uyabane yote yarudi kwenye umbo lake, na kuendelea hivyo. Ilikuwa kazi ya polepole, na yeye aliipenda kwa sababu hiyo.

Mwaka wa tatu alikuja Meneja Msaidizi ambaye hakutaka mwanamke akae karibu na baruti. Hakuwa na ubaya wa maneno, alisema ananihurumia. Nilihamishiwa Bukene, kwenye stoo yetu karibu na reli, kugawa mahema na taa. Nilikaa huko miaka miwili. Kila nilipopata nafasi ya kupanda treni kurudi Tabora nilipita karakana, nikamsalimu Fundi Mkuu, na kuomba nifanye hata saa moja mezani kwake. Nilimwandikia Meneja Mkuu barua tatu za kuomba kurudi. Hazikujibiwa. Nilikuwa naandika ya nne Fundi Mkuu alipokwenda mwenyewe ofisini kumwambia kwamba macho yake yamefifia, haoni tena vizuri mistari ya mizani, na kwamba mtu anayemwamini yuko Bukene anahesabu mahema.

Nilirudi. Baada ya mwaka mmoja yeye alistaafu, na mwezi huohuo ikafika mashine mpya.

Ilikuja kwenye maboksi mawili pamoja na kijitabu cha michoro. Mashine hii ina sahani ya duara yenye vituo vitano. Ukivuta mkono mara moja, kila kituo kinafanya kazi yake kwa pamoja: hapa fataki ya zamani inatoka, pale mpya inaingia, kwingine baruti inamiminika kupitia mrija, kisha risasi inakalishwa, na mwisho mdomo wa ganda unabanwa. Sahani inasogea kituo kimoja, unavuta tena, na kila mvuto unatoa risasi nzima. Meneja Mkuu alitaka iwe imefungwa kabla ya msimu kuanza. Aliponiuliza kama niagiziwe fundi kutoka Dar es Salaam, nilimjibu kuwa fundi ni mimi.

Nilihangaika nayo wiki mbili. Kila nilipopima baruti mara kumi, mara mbili au tatu ilitofautiana. Nilibadilisha mrija, nikasafisha kipimio, nikaanza upya, na bado. Siku ya kumi ndipo niliweka kikombe cha chai juu ya meza na kuvuta mkono, nikaona chai inatikisika. Meza ilikuwa ya mbao laini, na kila mvuto uliyumbisha kila kitu juu yake. Nilikwenda kwa seremala, nikachagua mninga mkavu wenye unene wa vidole vitatu, tukaunda meza mpya na kuifunga ukutani kwa bolti. Nikapima tena mara kumi, halafu mara hamsini. Vipimo vyote vilikuwa sawa.

Basi nikajaza risasi mia mbili za mzigo wa kwanza. Gari la kambini lilikuwa liondoke kesho yake likiwa na wageni na Mwindaji Kiongozi, Bwana Maganga. Huyu ndiye asimamaye bega kwa bega na mgeni nyati anapogeuka.

Mchana, nilipokuwa nasafisha mashine kwa brashi, nilikuta punje chache za baruti kwenye sahani, chini ya kituo cha tatu.

Nilikaa chini. Nilijua maana yake. Baruti yetu ilikuwa ya punje ndefu, na punje ndefu huweza kukwama ndani ya mrija. Ganda moja linapata pungufu, kisha mzibo unaachia na ganda linalofuata linapata za kwake pamoja na za mwenzake, hadi zinamwagika. Risasi iliyopungukiwa baruti inaweza kukwama katikati ya mtutu, na mtu akifyatua nyingine nyuma yake, mtutu unapasukia usoni kwake. Kupima risasi nzima kwenye mizani kusingenisaidia, kwa kuwa maganda yetu yalikuwa ya viwanda mbalimbali na hayakulingana uzito. Kati ya mia mbili, sikujua ni ipi.

Nilikwenda ofisini nikasema mzigo hautoki. Meneja Mkuu aliniuliza nimeona risasi mbovu ngapi. Nikasema sijaona hata moja, nimeona punje. Alisema wageni wamesafiri kutoka mbali, na kwamba punje za mezani si ushahidi. Kisha akasema taratibu, "Mama Vero, nakuagiza ukabidhi hilo sanduku."

"Sikabidhi, Bwana Meneja. Andika barua ya onyo, nitaipokea. Sanduku nimelifungia na ufunguo ninao."

Aliandika kweli. Nami nikarudi karakana kuzifungua.

Tuna kifaa kinachofanana na nyundo: unaweka risasi ndani, unagonga kigogo, inaachana na ganda na baruti inabaki humo. Kila moja niliipima peke yake. Mkono uliniuma hadi begani, nikaufunga kitenge na kuendelea. Nilipofika mia hamsini bila kuona kitu, nilianza kusikia maneno ya Meneja kichwani na kujiuliza nitamwangaliaje. Ya mia na sitini na tatu, sindano ya mizani haikufika hata nusu.

Nilimpelekea Meneja Mkuu baruti kwenye vikombe viwili, kimoja cha kipimo sahihi na kile cha pungufu. Alivisogeza mezani, kimoja kando ya kingine.

"Barua iko kwenye faili, siiondoi," alisema. "Lakini kuanzia leo, hakuna sanduku litakalotoka hapa bila saini yako."

Wageni aliwaambia gari limeharibika. Nilifungua zilizobaki, nikabadilisha baruti nikatumia ya punje fupi, nikajaza upya zote, na safari ilichelewa siku mbili.

Nilifanya kazi hiyo hadi nilipostaafu mwaka juzi. Sasa nalima karanga Kwihara. Kuna bwana mmoja mwenye uwezo aliyekuja nimfungie mashine kama ile nyumbani kwake. Nikamwuliza kibali kiko wapi, akacheka. Nikamsindikiza hadi kwenye gari lake. Wengine huniuliza kama kazi ilinipa heshima. Nawaambia ilinipa mahali ambapo neno langu lilikuwa la mwisho, na sikupewa bure.

Siku ya kuniaga, Bwana Maganga alisimama kusema machache. Alisema miaka yote hiyo risasi zangu hazikumwangusha. Tatizo lilikuwa magari tu, akakumbusha mwaka ule gari lilipogoma siku mbili nzima wageni wakinuna. Watu walicheka. Meneja Mkuu alinitazama, nami nikatazama sahani yangu ya pilau.

Baadaye Bwana Maganga alikuja kunipa mkono, mzee sasa, mzima, macho yote mawili. Nikaushika kwa mikono yangu miwili na kumwuliza habari za wajukuu.