Uvimbe Unaokula

Mama alikuwa mbishi, na sisemi hivyo kumsengenya, maana ubishi huo ameniachia mimi. Tulikaa Kisenyi, mtaa wa Waislamu wengi, enzi za utawala wa wanajeshi, sukari ikipatikana kwa foleni. Uvimbe ulimtoka pajani akauficha ndani ya kanga mpaka nilipomwona anachechemea, nikamburuta hospitali.

Daktari, kijana wa Kiganda, alitueleza kwa upole kwamba uvimbe ule haukai bure. Unaita mishipa ya damu, na mishipa mipya inachipua kuufuata na kuuletea damu. Akapanga kumpasua baada ya siku chache. "Mama, hii kitu inakula," akasema.

Tangu siku ile Mama akaacha kula. Majirani aliwaambia analipa saumu zake, na nani Kisenyi angemzuia mtu kulipa saumu? Magharibi alifungua kwa maji na tende, akanisogezea sahani yake. Maini yalikuwa adimu siku zile, nami nikayala bila kuuliza. Lakini kanga ilianza kumteleza kiunoni. Nikamkalia kooni mpaka akasema.

"Daktari amesema hii kitu inakula. Mimi nainyima. Tuone nani atachoka kwanza."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Nilimrudisha hospitali, wakampima, na daktari akakataa kumpasua: damu imepungua, asingeweza kustahimili kisu. Nilipomweleza habari ya saumu, alijishika kichwa. Kwa Kiganda kukula ni kukua. Alitaka kusema uvimbe unakua, ulimi ukamrudisha nyumbani kwao. Na Mama, aliyezaliwa kambi ya jeshi ya Makindye katika familia ya Wanubi, jamii ya askari waliozungumza Kiswahili, alikuwa amelisikia neno lile kwa Kiswahili tu.

Daktari hakumcheka. Alivuta kiti akamwambia kwamba hakukosea sana, kwani uvimbe unakula kweli, ila hausubiri zamu. Una mishipa yake wenyewe, na yeye akishinda njaa, wenyewe unajichotea kwanza. Tena kuta za mishipa ile mipya hazikukazana, chembe za uvimbe hupenya humo zikasafiri na damu mpaka mapafuni. Kwa hiyo hapakuwa na muda wa kupoteza.

"Sasa Mama, wewe ndiyo ukule," akamaliza.

Mama alimtazama kwa mashaka. "Kula gani?"

"Ya sahani."

Nilikwenda soko la Nakasero nikabembeleza wauza nyama kama mchumba. Mama alikula maini, mchicha wa dodo, matoke, akinilaumu kwa chumvi kila tonge, nami nilifurahi kulaumiwa. Damu ikapanda. Wakampasua, na walipompima mapafu wakayakuta safi.

Siku ya tatu nilimkuta wodini ameketi, bakuli mapajani. Daktari alipita akamuuliza hali. Mama alimeza kwanza, hakuwa na haraka.

"Nakula," akasema. "Kwa Kiswahili na kwa Kiganda."